Diski Mbili, Wazee Watatu

Jumatatu, 15 Tir

Breki zinatetemeka tena. Kila nikikanyaga, pedali inanipiga unyayo kama inabisha hodi. Asubuhi, kwenye mteremko wa Shiro Meda, nilisimama shibiri moja tu nyuma ya punda aliyebeba kuni. Punda akageuka, akanitazama. Nikamwomba radhi. Nina miaka arobaini na tisa, karani mkuu wa masijala, na naomba radhi kwa punda!

Nina siku sita tu. Jumapili wazee wangu watatu wanapeleka posa kwa Mzee Zewdu, kule Kebena, kumwombea binti yake Yeshimebet. Nitawaendesha mwenyewe. Tukishindwa Jumapili, itabaki Jumapili moja tu kabla ya Mfungo Mkuu, na kwenye mfungo hakuna cha ndoa wala ngoma. Baada ya mfungo kazi yake inamhamishia Dire Dawa. Hapo basi tena.

Laiti angekuwa mwalimu, au muuza vitunguu! Yeshimebet ni mkaguzi wa magari. Tulijuana mwaka jana alipoingiza gari langu kwenye ukaguzi, akapima diski za breki za mbele, akatikisa kichwa. Alisema zimekwisha, akanipa mwezi mmoja nizibadilishe. Tangu hapo tumekunywa kahawa mara nyingi, na kila akiniuliza nimemjibu kwamba nilishabadilisha. Sijui kwa nini. Mdomo wangu huwa unatangulia.

Ni miezi kumi na moja sasa. Na yeye hutazama magurudumu ya watu kama wengine wanavyotazama viatu.

Jirani yangu Mzee Shewangizaw amesikia breki zangu kupitia ukutani. Aliendesha malori ya bandari ya Assab miaka thelathini na anajua kila kitu, muulize tu. Ni mmoja wa wazee wangu watatu kwa sababu mjomba wangu alishikilia. Ameniambia ninunue diski za kawaida, bapa, zisizo na mbwembwe, nitazame kwanza mwaka wa gari kwenye kadi. Nikamwambia hilo nalijua. Sikulijua.

Jumanne, 16 Tir

Nimeifungua kadi ya gari. Mwaka wa kutengenezwa: 1992.

Nikakaa. Nikafikiri. Miaka ishirini na miwili nimegonga mihuri kwenye barua za serikali, na sijaona hata tarehe moja isiyo ya hesabu yetu, inayobaki nyuma ya ile ya Wazungu kwa miaka saba au minane. Basi hii 1992 ni yetu. Na 1992 yetu kwa Wazungu ni mwaka 2000! Gari langu ni changa kwa miaka minane kuliko nilivyodhani. Nilitoka nje kulitazama. Hata taa zake zilionekana za kisasa.

Nilimpa Mzee Shewangizaw habari hiyo juu ya ua. Akacheka mpaka akashikilia mabati. Alisema magari yote huandikwa kwa mwaka wa Kizungu, kwani yule Mjapani alipokuwa anakaza nati hakumuuliza padri wa Entoto leo ni mwezi gani. Nikamjibu kwa adabu kwamba naelewa inavyouma, maana gari lake yeye ni la zamani zaidi. Akafuta machozi, akasema, “Haya, kijana. La mwaka 2000 hilo. Likikukwama usinililie.”

Wivu. Nimeitazama kadi mara tisa. Bado ni 1992.

Jumatano, 17 Tir

Merkato, kwenye maduka ya spea. Kelele, moshi, na mtu mmoja aliyetaka kuninunulia gari langu vipande vipande nikiwa bado nimo ndani.

Fundi wangu Shikur alinipeleka kwa muuzaji aitwaye Temam. Temam akapanga diski mezani. Kuna bapa, za kijivu, zisizo na neno. Kuna zenye mifereji. Na kuna zenye matundu! Matundu yamezunguka diski nzima kwa mpangilio, ukiinua juu, mwanga unapita. Nikamwona Yeshimebet akilini, amechuchumaa getini kwao, mwanga unampitia usoni. Nikazitaka hapo hapo.

Shikur akanivuta kando. Alisema matundu ni ya magari ya mashindano, kwenye gari la kwenda sokoni na kanisani hayana kazi, na zile za bei rahisi hupasuka kuanzia kwenye tundu. Akanisihi nichukue bapa. Nikamwuliza yeye ana mchumba mkaguzi? Akakiri kwamba hana.

Temam aliuliza gari la mwaka gani. Nikatanua kifua: elfu mbili! Akauliza kama nimekuja na diski ya zamani tuilinganishe. Nikasema mwenye kadi hatembei na kutu.

Nimezinunua. Ni nzito kuliko nilivyofikiri. Pia ni pana kuliko nilivyofikiri, lakini hilo sitaki kulifikiria. Jumatano ni siku ya kufunga kila wiki, nimekula injera, ule mkate wetu mpana wa duara, na mchuzi wa shiro peke yake, na kila tonge lilikuwa na ladha ya chuma.

Alhamisi, 18 Tir

Shikur hana nafasi mpaka kesho. Sikuweza kukaa bure. Nimepaka rangi nyekundu sehemu ya katikati ya diski zote mbili, tabaka mbili. Zimependeza kupita kiasi.

Mchana Yeshimebet alinipigia simu. Aliuliza gari likoje. Nikasema lina diski mpya. Akauliza zina unene gani. Nikasema wa kutosha. Kimya. Kimya cha mkaguzi si kama kimya cha watu wengine.

Kisha akazungumza taratibu. Alisema nijue baba yake anachechemea kwa nini: miaka mingi iliyopita basi lililokosa breki lilimbana ukutani, na ndiyo sababu yeye akaacha kusomea uuguzi, akasomea magari. Hataki mume tajiri, hataki mume mzuri. (Hapo nilikaa vizuri.) Anataka mume ambaye akisema breki zipo, zipo. Na Aba Woldeyes, kasisi wangu wa posa, ndiye aliyembatiza yeye, kwa hiyo nimlete akiwa mzima.

Nilimwambia asihofu. Baada ya simu nilikwenda kunawa uso mara mbili. Nampenda huyu mwanamke, nampenda mpaka naogopa. Kesho diski zinafungwa na uongo wangu unageuka kuwa kweli. Kwa kuchelewa miezi kumi na moja tu!

Ijumaa, 19 Tir

Haziingii.

Haziingii! Matundu ya nati yamekubali, diski imekaa mahali pake, na Shikur aliporudisha ile kalipa inayobeba pedi, ikagoma. Akaigeuza. Akaipiga kidogo. Akapaka grisi. Akachukua diski yangu ya zamani, akailaza juu ya mpya. Ilikuwa injera ya mtoto juu ya injera ya harusi. Upana wa kidole kizima umezidi pande zote.

Shikur hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliomba kadi, akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole. Alisema, “Mzee wangu, hii 1992 ni ya Wazungu.”

Tukarudi kwa Temam. Nikamwomba anibadilishie. Akaona wekundu. Akasema kwa upole kabisa kwamba bidhaa ikirudi safi anaipokea, lakini hii, “ukishapaka rangi, kaka, umeshaoa.” Duka zima likacheka. Nikacheka na mimi, la sivyo ningelia.

Diski bapa za 1992 alikuwa nazo. Zilikuwa pale pale, rafu ya pili. Nilinyoosha mkono. Na nani alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Temam, anakunywa chai? Mzee Shewangizaw! Alikuja kutafuta mkanda wa feni. Akanisalimia vizuri sana. Akaniuliza natafuta za mwaka gani.

Mkono ukarudi wenyewe. Nikasema nilikuwa napita tu.

Najua. Ningeweza kusema namba moja tu, nikaondoka na diski. Nimelijua hilo njia nzima ya kurudi, na nimelijua tena nilipokuwa navua viatu. Kesho ni Jumamosi na sina diski.

Jumamosi, 20 Tir

Nimepata njia! Diski za zamani zinachongeka. Mtetemeko unatokana na uso uliopindapinda. Chonga uso, mtetemeko unakwisha. Kwa nini nilihangaika na mpya?

Mchongaji ana mashine nyuma ya soko la nafaka. Alipima kwa kile kipimo chake cha chuma, akapima tena, akaniuliza kama gari hili hubeba watu. Alisema hakuna nyama iliyobaki, akichonga tena atanikabidhi sahani. Nikamwambia achonge kidogo, zing’ae tu. Akaniomba nisimtaje jina popote. Kwa hiyo simtaji.

Zinang’aa! Shikur alizifunga. Nilizunguka uwanja wa Sidist Kilo mara tatu na pedali ilikuwa laini kama siagi. Nimepaka katikati rangi nyekundu iliyobaki, zifanane na mpya.

Mzee Shewangizaw aliinama kutazama. Akauliza kama ndizo zile za mwaka 2000. Nikasema ndizo. Akakwaruza rangi kwa ukucha, akaunusa ukucha wake. Nilingoja matusi. Akasema tu kwamba kesho yeye anakaa mbele, karibu na breki ya mkono.

Tangu hapo sijaweza kula. Angetukana ningejibu. Huu upole wake nitaupeleka wapi?

Jumapili, 21 Tir

Leo ni sikukuu ya Mariamu. Niliwachukua wazee baada ya misa juu ya kilima cha Entoto: Aba Woldeyes na msalaba wake na kilo zake mia na zaidi, mjomba wangu Habtewold na kofia yake ya sufu, na Mzee Shewangizaw. Wote wamevaa nyeupe. Nilitokwa na machozi kuwaona. Tukaanza kuteremka.

Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nikaanza hata kupiga mluzi. Kona ya tatu pedali ikatetemeka. Ya nne ikaja harufu. Aba akauliza ni nani anayeunguza mkaa wa mikaratusi. Ya tano pedali ikazama, nikaikanyaga tena, ikazama zaidi, na gari likaongeza mwendo! Mjomba akashika kofia yake kwa mikono yote miwili. Aba akaanza zaburi, akairukia katikati, akaanza nyingine. Mzee Shewangizaw akavuta breki ya mkono na kunifokea, “Gia ya pili! Ya kwanza sasa! Toa mguu, mwehu wewe, unazipika!” Nikatii. Sijawahi kumtii mtu hivyo.

Tulisimama Kebena, getini kwa Mzee Zewdu, ndani ya rundo la mchanga wa kujengea. Moshi ulitoka kwenye magurudumu ya mbele. Wazee walishuka mmoja mmoja. Mposaji haonekani siku ya posa, kwa hiyo mimi nilibaki kwenye usukani, nimejifunika gabi langu, shuka nzito ya pamba, mpaka puani, kama dereva wa kukodi.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Niliona yote.

Mtoto yeyote wa hapa anajua wazee wa posa wanavyofanya. Wakiambiwa karibuni mkae, hawakai. Wanasimama, wanasema wana neno, na hawagusi kiti mpaka neno lisikike. Kusimama ndiko kuomba kwenyewe. Tulilirudia wiki nzima! Mzee Zewdu akachechemea mpaka mlangoni, akasema karibuni, mkae.

Wakakaa.

Wote watatu! Aba alidondoka kwenye kochi kama gunia la nafaka ya teff. Mjomba alikuwa chini kabla hata kiti hakijamfikia. Hata Mzee Shewangizaw, simba wa Assab, alishika ukuta, akateremka nao taratibu mpaka kwenye kigoda. Miguu yao ilikuwa imekwisha njiani. Mzee Zewdu alisubiri kidogo. Aliwatazama, akatazama viti. Kisha akawaambia wamefanya vyema kuja kumtembelea siku ya Mariamu.

Basi. Mtu aliyekwisha kaa hawezi kuinuka akasema hakai. Wakaletewa mkate mkubwa wa sikukuu. Wakanywa kahawa, buli la kwanza, la pili, la tatu. Wakazungumzia mvua. Mara mbili nilimwona Aba akijaribu kuinuka, na mara mbili magoti yakakataa. Wakambariki mwenye nyumba, wakatoka. Neno langu halikutamkwa hata nusu.

Kisha akatoka yeye. Alivaa nguo nyeupe yenye tarizi. Hakunitazama. Alichuchumaa kwenye gurudumu, akapitisha kiganja karibu na diski bila kuigusa, akakwaruza rangi. Akasema, “Wubishet, hebu toka humo kwenye gabi.”

Nikatoka.

Aliniambia kuku wa kusherehekea alimkaanga tangu jana, na mayai kumi na mawili aliyamenya kwa mkono wake. Aliniambia baba yake alikuwa amekwisha amua kusema ndiyo leo leo, bila kuwazungusha wazee waje mara ya pili na ya tatu, jambo ambalo hakuna baba Kebena amewahi kulifanya. Macho yake yalikuwa yamejaa. Yangu pia. Aliuliza kama ningewaua wale wazee watatu, ningemwambia diski ni za mwaka gani?

Akaandika kwenye kikaratasi: diski za mbele, bapa, upana wake, unene wake, mwaka 1992 wa Kizungu. Alipigia mstari neno Kizungu mara mbili. Alisema Jumapili ijayo wazee wanaweza kurudi, baba yake atawapokea. Lakini wakija na diski hizi, wapitilize tu. Yeye atakwenda Dire Dawa.

Wazee akawaitia teksi. Mimi na gari tulivutwa kwa kamba mpaka kwa Shikur, mbele ya waumini wote wa sikukuu.

Jumanne, 23 Tir

Mjomba Habtewold amejitoa. Anasema anaumwa mgongo, roho na kofia. Aba amesema atarudi, akishamaliza kusali. Mzee Shewangizaw hajamsimulia mtu yeyote mtaani. Hata mmoja! Nimewauliza watu kwa kuzunguka zunguka, hawajui lolote. Kuna mtu amewahi kunyanyaswa namna hii?

Kikaratasi ninacho mfukoni, nakigusa kila saa. Nimeapa mbele ya picha ya Mariamu: bapa, za kijivu, 1992.

Alhamisi, 25 Tir

Nimekwenda kwa Temam na kikaratasi. Akateremsha diski za rafu ya pili, akapima mbele yangu. Upana, sawa. Unene, sawa. Nilizipakata. Nilikuwa nimebakiza kusema neno moja tu.

Ndipo nikainua macho. Ukutani, juu ya kichwa chake, vifuniko vya magurudumu! Vya rangi ya fedha, seti nzima, vinafunika gurudumu lote, hata sindano haipenyi. Mtu anaweza kuchuchumaa pale mpaka Pasaka asione kitu.

Nikatulia, nikalipima jambo kama karani. Jumapili kiliharibika nini hasa? Breki? Gari lilisimama. Kwenye mchanga, sawa, lakini lilisimama. Hakuna aliyekufa. Posa iliharibika kwa sababu wazee walikaa. Kosa lilikuwa magoti! Wiki nzima nimejitesa kwa ajili ya chuma, kumbe nilichagua vibaya wazee.

Nimenunua vifuniko, diski zikarudi rafu ya pili. Mahali pa mjomba nimemweka Bwana Gudeta wa ofisini, ambaye kila asubuhi hukimbia kutoka Uwanja wa Meskel mpaka Bole na kurudi. Miguu ya chuma. Aba nimemwomba afanye mazoezi ya kusimama baada ya ibada. Mzee Shewangizaw amesema yeye atateremka mpaka Kebena kwa miguu, na tangu sasa hapandi tena gari langu hata likiwa limeegeshwa. Vizuri! Atafika miguu imekwisha pata moto. Shikur amenitaka nitie saini karatasi inayosema alinishauri vinginevyo. Nimetia saini.

Yeshimebet amenipigia jioni. Aliuliza kama nimezipata diski. Nikamwambia natoka kwa Temam sasa hivi, zimepimwa, zinalingana na kikaratasi chake kila kitu. Hakuna hata neno moja la uongo hapo! Alinyamaza, na mara hii kimya chake kilikuwa kitamu. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akasema ananiamini. Akasema kuku atampika tena. Na ili mambo yasiharibike safari hii, yeye na baba yake wameshatoa viti vyote sebuleni.

Viti vyote! Sasa hakuna hatari yoyote iliyobaki.